Je, Wajua? Klipu ya Tai na Upepo wa Singida

Kiswahili kina tai wawili. Mmoja ana mabawa na mdomo uliopinda, naye hukaa katika ngeli ya A-WA: tai anapaa. Mwingine ni kitambaa cha shingoni, makazi yake ngeli ya I-ZI: tai inaning'inia. Darasani tofauti hiyo ni rahisi kufundisha. Mjini Singida, katika miezi ya kiangazi, upepo unapovuma tangu asubuhi mpaka jioni, mwalimu hupata tabu kidogo, maana hapo tai ya I-ZI nayo hupaa.

Mimi niliyajua hayo harusini. Tulikaa chini ya turubai, mahali ambapo kwa mbali unaona Ziwa Singidani likimetameta. Koti nilikuwa nimelivua kwa sababu ya jua. Upepo ukaja, tai ikaruka begani, ikarudi, ikatua kwenye sahani ya mchuzi wa kuku wa kienyeji. Nikaifuta. Ikaruka tena. Mzee aliyekaa kuume kwangu, mwalimu mstaafu, alinitazama bila kucheka.

"Klipu huna, mwanangu?"

"Ninayo, mzee. Si hii hapa nimebana."

Akainama akaitazama. Nilikuwa nimebana kipande cha mbele cha tai pamoja na kile cha nyuma, basi. Akaichomoa, akaisogeza juu kidogo, akaipitisha mpaka kwenye shati.

"Ulikuwa umemfunga ng'ombe kwa ng'ombe mwenzake," akasema. "Mti uko wapi?"

Je, wajua, basi, kwamba wengi wetu tunaovaa kidude hiki tunakivaa bure? Kazi yake si kuunganisha vipande viwili vya tai. Kazi hiyo hufanywa na kile kitanzi kidogo kilichoshonwa nyuma ya tai, ambacho watu wengi hata hawakitumii. Klipu inatakiwa ishike vitu vitatu kwa pamoja: kipande kipana cha mbele, kipande chembamba cha nyuma, na ule upande wa shati wenye vifungo, ambao umekunjwa na kushonwa mara mbili kwa hiyo ni mgumu kuliko sehemu nyingine ya kifua. Shati limechomekwa kwenye suruali, suruali imeshikwa na mkanda. Hapo ng'ombe amepata mti.

Mahali pake ni kati ya kifungo cha tatu na cha nne, ukihesabu kutoka shingoni. Ukiibana juu sana, sehemu ndefu ya chini hubaki huru kupiga mbawa. Ukiibana chini sana, karibu na tumbo, kila ukikaa shati linavutika na tai inajikunja kama utumbo. Klipu iwe fupi kuliko upana wa tai yenyewe. Ikitokeza ng'ambo ya pili inaonekana kama kijiti cha mshikaki. Na kabla ya kuifunga, vuta tai juu kidogo ili ukiinua mkono isikukabe. Ukivaa koti na kulifunga vifungo, klipu haina kazi yoyote, koti limekwisha kuifanya. Ndiyo maana mijini, kwenye ofisi zenye viyoyozi, imebaki kuwa pambo. Huku Singida klipu bado ina ajira.

Jina lake halijatulia. Muuza mitumba atakuambia klipu, mwingine atasema pini ya tai, mwingine kibanio. Kiswahili cha zamani kina neno bizimu, kwa kifungio cha chuma cha mkanda au cha nguo, na kwa maoni yangu lingefaa sana hapa, ila sitaki kugombana na muuzaji ninapotaka kununua.

Pini, kusema kweli, ni kitu kingine, na ndiyo iliyotangulia. Tai tunayoijua ina asili ya kitambaa cha shingoni walichovaa askari wa Kroatia waliopigana upande wa Ufaransa katika karne ya 17. Wafaransa wakakipenda na kukiita kwa jina la watu wale, cravate. Katika karne ya 19, waungwana wa Uingereza walikuwa wakichomeka vitambaa vyao kwa pini ndefu ya dhahabu yenye lulu au kito kichwani. Kasoro ya pini ni kwamba inatoboa, na hariri haisahau tundu. Katika miaka ya 1920 fundi mmoja wa New York, Jesse Langsdorf, alipata hataza ya kukata kitambaa cha tai hanamu, kwa vipande vitatu vinavyoshonwa pamoja, na tai ikawa nyembamba, ndefu, laini, inayorudi katika umbo lake kila ukiifungua. Ndiyo hiyo unayoivaa leo. Tai ya namna hiyo haikutaka kutobolewa, na ni katika miaka hiyo kibanio kisichoacha alama kilipoenea. Kipo chenye springi, kinachofunguka kama kibanio cha kuanikia nguo, na kipo cha kuteleza tu, kisicho na springi. Cha springi ndicho cha kuvaa kwenye upepo. (Kile cha nguo chenye springi, kwa wapendao kujua, kilipewa hataza Marekani mwaka 1853, kwa jina la David M. Smith wa Vermont.)

Tukirudi kwenye ile dhahabu ya pini: je, wajua kwamba mgodi wa kwanza wa dhahabu Tanganyika ulikuwa Singida? Ni Sekenke, huko Iramba, ulioanza kuchimbwa na Wajerumani mwaka 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto na meli za Waingereza zikaziba pwani, Wajerumani waliishiwa sarafu. Wakachukua dhahabu ya Sekenke, wakaipeleka katika karakana ya reli karibu na Tabora, na mwaka 1916 wakapiga sarafu ya rupia 15: upande mmoja tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima. Zilipigwa zaidi ya 16,000. Kila moja ina gramu 7 na ushee za dhahabu ya karati 18. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia Tabora, na kazi hiyo ikaishia hapo. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanaitafuta kwa udi na uvumba. Ningepata moja, ningekwenda kwa sonara aniundie klipu ya tai yenye tembo wa Sekenke, na wakusanyaji wote wangenilaani.

Klipu imewahi hata kufanya siasa. Mwaka 1943, usiku wa kuamkia Agosti 2, karibu na visiwa vya Solomon, manowari ya Japani iitwayo Amagiri iliikata katikati mashua ya kivita ya Marekani, PT-109. Mabaharia wawili walikufa. Nahodha kijana aliwaongoza waliobaki kuogelea hadi kisiwani, na jina lake lilikuwa John F. Kennedy. Alipogombea urais mwaka 1960, kampeni yake iligawa klipu za tai zenye umbo la mashua hiyo, na mwenyewe akivaa yake. Sisi tumezoea khanga, fulana na kofia. Klipu ina faida kuliko hivyo vyote: haifuliwi, haichuji, na inakaa juu ya moyo wa mpiga kura.

Rais mwingine wa nchi hiyohiyo alipambana na upepo kwa njia ya kimaskini zaidi. Desemba 2016, Donald Trump, akiwa amechaguliwa lakini hajaapishwa, alishuka kwenye ndege Indianapolis. Upepo ukaigeuza tai yake, na wapiga picha wakaona nyuma ya tai hiyo vipande vya selotepu vikishikilia kipande kifupi cha nyuma. Yeye hupenda tai ndefu inayopita mkanda, hivyo kipande cha nyuma kinabaki kifupi mno kufikia kitanzi. Bilionea, na selotepu ya dukani! Lakini mtazame vizuri: kosa lake ni lile langu la harusini. Alibana tai kwa tai. Akija Singida mwezi wa nane atapata somo.

Askari wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili hawakuhitaji klipu wala gundi. Walichomeka ncha ya tai ndani ya shati, katikati ya vifungo viwili, basi. Nimewahi kuona makondakta wakifanya hivyo, nami nawasifu.

Wapo walioamua kuimaliza shida kwa kuiondoa tai yenyewe. Mobutu, huko Zaire, mwanzoni mwa miaka ya 1970 alileta vazi la abacost, jina linalotokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti na ishuke chini", na kwa takriban miaka 20 tai ikawa kitu cha kukimbizwa hadi aliporuhusu irudi katika hotuba yake ya Aprili 24, 1990. Kwetu hapakuwa na marufuku. Suti ya Kaunda na ile tuliyoiita Chu En Lai zilitosha kuisukuma pembeni. Kenya ikaenda kinyume: Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, ingawa Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akizipenda. Na Iramba imetoa jawabu lake. Mwigulu Nchemba, mwanasiasa wa huko, amejulikana kwa miaka mingi kwa skafu ya rangi za bendera ya Taifa shingoni. Hiyo haina kibanio chochote, na ikipepea, bendera si ndiyo kazi yake?

Wanafizikia nao hawakukaa kimya. Mwaka 1999, Thomas Fink na Yong Mao wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba tai ya kawaida inaweza kufungwa kwa njia 85. Mimi najua moja, tena kwa msaada wa kioo.

Madaktari wana neno zito zaidi. Mwaka 2004 hospitali moja ya New York ilipima tai za watumishi wake wa tiba 42, na tai 20 zikakutwa na vijidudu vinavyoweza kuleta maradhi. Kati ya walinzi 10 wa hospitali hiyo, ni mmoja tu aliyekutwa navyo. Sababu ni ileile ya mchuzi wangu. Daktari anainama juu ya mgonjwa, tai inagusa shuka, kisha anakwenda kitanda cha pili, nayo inagusa tena. Shati hufuliwa kila siku, tai hufuliwa lini? Mwaka 2007 mwongozo wa hospitali za umma Uingereza ukawataka madaktari wanaohudumia wagonjwa waache tai. Hapa klipu ingesaidia kiasi, lakini haifui uchafu.

Nimebakiza jambo moja, nalo linatuhusu sana sisi wa Singida.

Huu ni mkoa wa alizeti. Kuanzia Manyoni hadi Mkalama, ukisikia mashine inanguruma, kuna uwezekano mkubwa inakamua mafuta. Mashine hizo zina mikanda na magurudumu yanayozunguka, mara nyingi bila kizuizi chochote. Kila mara hufika wageni: mwalimu na wanafunzi wake, ofisa wa benki, mheshimiwa na msafara. Wageni hao huvaa tai. Tai ni kamba iliyofungwa kwa fundo linalozidi kukaza kila ikivutwa, na hariri haikatiki kirahisi. Ncha yake ikiguswa na mkanda unaozunguka, mwenye shingo hana muda hata wa kupiga kelele.

Klipu hapo haimwokoi mtu. Inapunguza kupepea, ndiyo, ila mashine ikishakamata, kibanio cha springi hung'oka mara moja. Ndiyo maana katika nchi nyingi polisi na walinzi hupewa tai ya bandia, isiyozunguka shingo, iliyobanwa kwenye kola kwa kishikizo: mhalifu akiivuta, inabaki mkononi mwake na polisi anabaki anapumua. Watoto wetu wa shule za Kiingereza nao wana jamaa yake, tai ya lastiki. Tunawacheka kwamba hawajui kufunga tai, kumbe shingo zao ziko salama kuliko za baba zao.

Kwa hiyo, mgeni wetu, harusini bana tai na shati lako, mchuzi uliwe na mdomo. Lakini ukifika kwenye mlango wa mashine ya alizeti, usibane. Vua, kunja, tia mfukoni, ndipo uingie.