Nguvu ya Kazi Inatoka Jikoni

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama mwenye kuongoza jiko,

Kila mwisho wa mwezi, mshahara ukiisha kutoka, watu wanafika dispensari na ombi moja: "Munganga, nipe vitamini, mwili umechoka." Wengine wamekwisha kupitia kwa mwuza dawa wa barabarani na wamenunua vidonge. Ukiwauliza walikula nini jana, wanajibu: fufu na sombe mchana, fufu na sombe usiku, na chai ya sukari katikati. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kidonge. Ana haja ya kubadilisha sahani yake.

CHAKULA CHA AINA TATU

Fufu, viazi, ndizi na mchele ni chakula cha kutia nguvu. Maharagi, soya, karanga, samaki, mayai, maziwa na nyama vinajenga mwili. Lengalenga, sombe, karoti, nyanya, mapapai na maembe vinalinda mwili. Sahani njema ina aina zote tatu kila siku.

Usiseme hivyo ni vyakula vya matajiri. Sambaza wa ziwa letu, walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanaliwa wazima pamoja na mifupa yao midogo, na hiyo inaimarisha mifupa ya mtoto. Maharagi yanajenga mwili kwa bei ndogo kuliko nyama. Mafuta ya mawese yana vitamini A inayolinda macho. Usiyachome mpaka yapoteze rangi nyekundu, maana vitamini inapotea pamoja nayo. Chai nayo ina saa yake: ukiinywa pamoja na chakula, inazuia mwili kupokea madini ya chuma yanayotengeneza damu. Ngoja saa moja. Kula chungwa au nyanya pamoja na maharagi. Hivyo vinasaidia damu.

FUNDISHO LA IDJWI

Wengi wetu tunakula mihogo, basi tusikilize jambo lililoonekana karibu nasi. Katika miaka ya 1960, waganga wa Ubelgiji, mmoja wao François Delange, walichunguza watu wa kisiwa cha Idjwi. Kaskazini mwa kisiwa waliona watu wengi sana wenye rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Kusini-magharibi walikuwa wachache. Ajabu ni kwamba pande zote mbili zilikosa iodi katika chakula. Kwa nini basi upande mmoja uumie kuliko mwingine?

Uchunguzi uliofuata ulielekeza kidole kwenye muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Ukitengenezwa vibaya, sumu hiyo inaingia mwilini, na mwili unaigeuza kuwa kitu kingine kinachozuia tezi kupokea iodi. Mtu mwenye iodi kidogo anaumia mara mbili. Na anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni: mama akikosa iodi sana, mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, au kiziwi.

Kuna ubaya mwingine. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika habari za konzo, ugonjwa aliouona Kwango, magharibi mwa Kongo. Jina hilo ni la Kiyaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Konzo inapiga mahali watu wanapokula muhogo mchungu ulioharakishwa, bila maharagi wala samaki wa kuusaidia mwili kuondoa sumu. Inafuata njaa na vita, wakati watu hawana nafasi ya kungoja muhogo ulowe.

Kwa hiyo, mama wa nyumba, usifupishe kazi hii:

1. Menya muhogo, uloweke siku 3 au 4 mpaka ulainike, kisha uanike juani mpaka ukauke kabisa.

2. Ukinunua unga sokoni usiojua ulivyotengenezwa, ulowanishe kwa maji, uutandaze mwembamba kivulini saa 5, kisha upike siku hiyo hiyo.

3. Sombe itwangwe vizuri na ichemshwe muda mrefu.

4. Nunua chumvi yenye iodi. Itunze katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto na unyevu, na uitie mwishoni mwa mapishi.

VIDONGE: VIPI NI VYEMA, VIPI NI VIBAYA

Hatukatai vidonge vyote. Mama mwenye mimba anywe vidonge vya chuma na asidi ya foliki anavyopewa kwenye kipimo cha mimba, hata kama vinageuza choo kuwa cheusi. Mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 apelekwe kupata tone la vitamini A kila miezi 6.

Lakini vile "vya kunenepesha" vinavyouzwa sokoni, mara nyingi ni deksametazoni au siproheptadini. Deksametazoni inavimbisha uso na kukusanya maji. Hiyo si afya. Inapandisha sukari na presha, inalegeza mifupa, na kuiacha ghafula baada ya muda mrefu kunaweza kuua. Kwa hiyo anayeitumia asiitupe leo. Aje dispensari tumwondoe polepole. Siproheptadini inaleta usingizi. Mwenzako anayeendesha mashine huku anasinzia anahatarisha timu nzima.

CHAKULA CHA ZAMU NA MAJI

Chakula kilichopikwa alfajiri na kufungwa moto ndani ya plastiki, kufika mchana kimekwisha kuwa shamba la vijidudu. Sumu za vijidudu vingine hazifi hata ukikipasha moto. Beba vitu vinavyovumilia: viazi vilivyochemshwa na maganda yake, karanga, ndizi mbivu, mkate. Karanga zenye ukungu zitupwe. Kuzikaanga hakuondoi sumu ya ukungu inayoharibu ini. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, na usile ndani ya vumbi.

Maji ya ziwa ni mazuri kwa macho, si kwa kikombe. Mwaka 1994, kuzunguka Goma, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi katika majuma machache. Chemsha maji mpaka yatokote vizuri, au yatiwe klorini, na bidoni iwe safi na yenye kifuniko. Mtu akianza kuhara maji, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo mnapomleta kwetu. Msingoje asubuhi.

KUMBUKA

Aina tatu katika sahani. Muhogo uliolowa siku zake. Chumvi yenye iodi. Maji yaliyochemka. Kidonge kwa karatasi ya munganga tu.

Mshahara huu umeutolea jasho. Uingie kwanza sufuriani, nao utarudi kwako kama nguvu. Chakula chema nyumbani, usalama kazini!