Pikipiki Ndogo ya Mbio: Je, Humfaa Anayejifunza?

Katika Afrika Mashariki pikipiki inafahamika zaidi kwa sura ya bodaboda. Ni chombo cha kazi chenye injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, kiti kirefu, na chuma cha nyuma cha kufungia mizigo. Lakini iko jamii nyingine ya pikipiki ambazo injini zao ni za ukubwa huo huo, ila umbo lake limeigwa kutoka katika pikipiki za mashindano. Usukani wake uko chini, mpandaji huinama mbele, na mwili mzima umefunikwa kwa maganda ya plastiki yanayopasua upepo. Huko Ulaya pikipiki za jamii hii zimekuwa zikinunuliwa na vijana wanaojifunza udereva na watu wanaokwenda kazini kila siku.

Kuhusu pikipiki hizi yako maoni matatu yanayopingana. Wako wanaosema kuwa ni chombo bora cha kujifunzia, kwa kuwa ni nyepesi na injini yake ni ndogo. Wako wanaosema kuwa ni hatari, kwa sababu sura yake humchochea kijana kukimbia. Na wako wanaosema kuwa si ya hatari wala si ya maana. Ni pikipiki ya kawaida iliyovikwa nguo za mbio na kuuzwa kwa bei kubwa. Makala haya yanakusudia kuyapima maoni hayo kwa kanuni za fizikia zinazofundishwa katika shule za sekondari. Mfano wetu utakuwa Honda CBR125R, iliyoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2004 ikitengenezwa Thailand.

Ukubwa wa injini na nguvu zake

Watu wengi hudhani kuwa ukubwa wa injini, ule ambao mafundi huuita "cc", ni kipimo cha nguvu. Sivyo. Ni kipimo cha ujazo tu, yaani nafasi ambayo pistoni huipitia ndani ya silinda kutoka chini hadi juu. Silinda ya CBR125R ina kipenyo cha milimita 58 na pistoni yake husafiri milimita 47.2. Mwanafunzi akitumia kanuni ya ujazo wa mcheduara atapata sentimita za ujazo 124.7.

Sasa tuichukue pikipiki nyingine ya kampuni hiyo hiyo, Honda CG125, iliyotolewa mwaka 1976. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 56.5 na safari ya pistoni ni milimita 49.5, ujazo wake ni sentimita 124.1. Kwa ujazo, injini hizi mbili ni kama mapacha. Hata hivyo, CG125 hutoa nguvu-farasi zipatazo 11, na CBR125R hutoa zaidi ya 13, yaani kilowati 10. Tofauti hiyo imetoka wapi?

Jibu la kwanza ni wingi wa mizunguko. CBR125R hufikia nguvu zake za juu injini ikizunguka mara 10,000 kwa dakika. Kwa kuwa ni injini ya mapigo manne, huwasha petroli mara moja katika kila mizunguko miwili. Hivyo plagi hutoa cheche za kuwasha petroli zaidi ya mara 80 katika sekunde moja. Jibu la pili ni mgandamizo. Mchanganyiko wa hewa na petroli hugandamizwa mpaka ubaki sehemu moja ya kumi na moja ya ujazo wake wa mwanzo, na mchanganyiko uliogandamizwa zaidi hutoa kazi kubwa zaidi unapoungua. Jibu la tatu ni upoaji. Injini inayofanya kazi namna hii huzalisha joto jingi, nayo CBR125R hupozwa kwa maji yanayopita katika rejeta, hali CG125 hutegemea upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda.

Hata hivyo, nguvu hizo za ziada zina gharama yake. Historia ya CG125 yatufundisha jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wa Honda walikwenda katika nchi za Asia kuangalia jinsi pikipiki zao zilivyotumiwa. Waliziona zikibeba mizigo kupita kiasi na kuendeshwa kwa muda mrefu bila kubadilishwa oili. Katika pikipiki za wakati huo kamshafti, ambayo hufungua na kufunga vali, ilikuwa juu kabisa ya silinda, na oili chafu iliila haraka. Kwa hiyo waliishusha chini, karibu na oili, wakaziendesha vali kwa vijiti virefu vya kusukuma. Muundo huo haupendi mizunguko mingi sana, lakini huvumilia mengi. Ndiyo sababu uliigwa na viwanda vingi, vikiwamo vya China, na uzao wake umeenea katika barabara zetu. CBR125R imeirudisha kamshafti juu. Hupata mizunguko zaidi, lakini humdai mwenyewe oili safi, maji katika rejeta na fundi anayejua kazi yake.

Nguvu, na kani ya kuzungusha

Katika fizikia, nguvu ya injini ni zao la vitu viwili: kani ya kuzungusha na kasi ya mzunguko. Kani ya kuzungusha ni ile tunayoitumia tunapofungua nati kwa spana. Tukigawanya wati 10,000 za CBR125R kwa kasi ya mizunguko 10,000 kwa dakika, ambayo ni radiani 1,047 kwa sekunde, tunapata nyutoni-mita 9.5 hivi. Hiki ni kiasi kidogo. Hata tukichukulia kuwa kani hiyo haipungui injini inapozunguka mara 3,000 tu kwa dakika, nguvu itakayopatikana haizidi kilowati 3.

Hapa ndipo tunapoelewa lawama ya kuwa pikipiki hii "haina nguvu". Anayebadilisha gia mapema, kama afanyavyo dereva wa pikipiki ya kazi, huiacha injini katika mizunguko michache na hupata chini ya theluthi moja ya nguvu zake. Ndiyo maana imepewa gia sita, ili mpandaji aweze kuiweka injini katika mizunguko inayofaa. Wanaoisifu husema kuwa hali hiyo humlazimisha mwanafunzi kujifunza klachi na gia vizuri, na hoja yao ni ya kweli. Lakini kwa mtu anayesimama na kuondoka mara mia katika msongamano wa magari, akiwa na abiria nyuma yake, somo hilo huwa uchovu.

Sheria iliyopima kitu kisicho sahihi

Uingereza iliwahi kujifunza kwa njia ya vitendo kwamba ujazo si nguvu. Tangu mwaka 1961 mwanafunzi wa udereva aliruhusiwa kuendesha pikipiki isiyozidi sentimita za ujazo 250. Sheria haikutaja nguvu. Viwanda navyo vikaendelea kuongeza nguvu ndani ya ujazo ule ule, hasa kwa injini za mapigo mawili. Mwaka 1978 Suzuki ilitoa GT250 X7, iliyotangazwa kuwa inaweza kufikia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Kisheria, kijana aliyekuwa hajafanya mtihani wowote angeweza kuipanda.

Mwaka 1983 sheria ilibadilishwa, na mwanafunzi akawekewa mipaka miwili kwa pamoja: ujazo usiozidi 125 na nguvu-farasi zisizozidi 12. Baadaye Umoja wa Ulaya ukaongeza mpaka wa tatu. Kwa leseni ya daraja la A1, chini ya kanuni zilizoanza kutumika Januari 2013, pikipiki isizidi ujazo wa 125, isizidi kilowati 11, na uwiano wa nguvu kwa uzito usizidi kilowati 0.1 kwa kila kilo. CBR125R, yenye kilo zipatazo 127 ikiwa na mafuta na maji, ina uwiano wa kilowati 0.08 kwa kilo. Imo ndani ya mipaka yote mitatu. Kwa hiyo wanaodai kuwa ni "pikipiki ya mashindano" wamedanganywa na sura.

Maganda ya plastiki na upepo

Je, maganda yale yana faida? Ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, na nguvu inayohitajika kuushinda huongezeka kwa kipeo cha tatu. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu lazima izidishwe mara nane. Kwa sababu hiyo pikipiki yenye kilowati 10 tu huweza kwenda kilomita 110 hivi kwa saa, mpandaji akiwa ameinama. Umbo lake limeusaidia udogo wa injini yake.

Lakini mtu anayekwenda kazini mjini kwa kilomita 50 kwa saa anahitaji chini ya moja ya nane ya nguvu hizo kwa ajili ya upepo. Kwake yeye maganda hayana msaada mkubwa. Pikipiki ikianguka ikiwa imesimama, jambo linalowapata wanafunzi wengi, maganda ndiyo huvunjika kwanza, nayo ni ghali kuyabadilisha.

Mwendo, breki na mwili wa binadamu

Tumeona kuwa injini hii si kubwa. Je, basi ni salama? Tuangalie breki. Tuchukulie mpandaji anachukua sekunde moja tangu kuiona hatari hadi kukamata breki, kisha pikipiki inapunguza mwendo kwa mita 6 kwa sekunde katika kila sekunde. Akiwa kilomita 50 kwa saa, atasafiri mita 14 kabla ya kukamata breki na mita 16 akiwa anafunga. Jumla mita 30. Akiwa kilomita 100 kwa saa, atasafiri mita 28, kisha mita 64. Jumla mita 92. Mwendo umezidi mara mbili, umbali umezidi mara tatu.

Njia nyingine ya kuona jambo hili ni kulinganisha na kuanguka. Kugonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 10. Kwa kilomita 100 kwa saa ni kimo cha karibu mita 40. Katika hesabu hizi zote ukubwa wa injini hautajwi mahali popote. Mwili haujui kama mwendo huo umetolewa na silinda ndogo au kubwa. Hapa wenye maoni ya pili wana haki yao: pikipiki "ndogo" ifikayo kilomita 110 kwa saa inatosha kabisa kuua.

Kinga ya kwanza ni kofia ngumu, iliyofungwa kidevuni. Povu gumu lililo ndani yake hupondeka na kuongeza muda wa kichwa kusimama, hivyo kani inayofikia ubongo hupungua. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikadiria kuwa kofia hiyo hupunguza uwezekano wa mpandaji kufa katika ajali kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kinga ya pili ni kujua kutumia breki ya mbele. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito huhamia gurudumu la mbele. Kwa hiyo ndilo lenye msuguano mkubwa na barabara. Mwanafunzi anayeiogopa breki hiyo na kukanyaga ya nyuma peke yake hujinyima sehemu kubwa ya uwezo wa kusimama.

Hitimisho

Kila maoni kati ya yale matatu yameshika upande mmoja wa ukweli. Pikipiki ndogo ya mbio ina wepesi na nguvu za kiasi zinazomfaa anayejifunza, iwapo atafundishwa. Kwa msafiri wa kila siku katika barabara ya lami, anayesafiri peke yake, yatosha. Kwa kubeba abiria na mizigo, au pale ambapo oili safi na vipuri ni vya shida, ile ya kazi yenye vijiti vya kusukuma vali inashinda. Na yeyote anayetaka kuchagua asitazame "cc" wala rangi. Aulize kilowati, uzito, breki na matunzo.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi muda wa kuitika kwa kutumia rula ya sentimita 30. Mmoja aishike rula wima kwa juu, na mwenzake aweke vidole viwili penye alama ya sifuri bila kuigusa. Rula iachiliwe ghafla, naye aidake. Akiidaka penye sentimita 20, muda wake ni sekunde 0.2, kwa kanuni ya kitu kinachoanguka. Rudieni jaribio huku anayedaka akijibu maswali ya hesabu za kichwa, mlinganishe majibu. Kisha kila mwanafunzi akokotoe: katika tofauti hiyo ya muda, pikipiki iliyo kwenye kilomita 50 kwa saa ingesafiri mita ngapi zaidi?