Juu ya nini kuku wetu wa kienyeji anachelewa kukomaa?



Mu vijiji vingi vya Kivu tunasikia neno moja: «Kuku yetu haikomai, mbegu ni mbaya, afazali tuuze yote tulete kuku ya kizungu.» Tunaomba mungoje kwanza. Ni kweli, mbegu iko na kipimo chake: tetea mzima wa kienyeji anafikia mara nyingi kilo 1 hadi 1 na nusu. Lakini vitoto vingi havifiki hata kwenye kipimo kile. Vinakwama mu njia, zaidi katika juma 8 za kwanza. Mambo manne ndiyo yanavikwamisha.

1. Baridi. Kitoto cha juma moja ao mbili hakiwezi kujipasha chenyewe. Huku milimani, Kabare ao Walungu, asubuhi majani yanajaa umande. Kitoto kikilowa, chakula chote kinaishia kutafuta joto, hakibaki cha kukuza mwili. Musifungulie mama na vitoto mbele umande haujakauka. Usiku walale mu kitunga chenye majani makavu, mbali na moshi.

2. Chakula. Muhogo na muhindi vinaleta nguvu, lakini havijengi mwili. Kitoto kinahitaji proteini, karibu sehemu 1 juu ya 5 ya chakula chake. Tunayo hapa: mchwa, funza, unga wa ndagala, soya. Soya ikaangwe kwanza, maana soya mbichi inazuia tumbo kusaga chakula. Muhindi wenye ukungu tusiseme «ni wa kuku tu»: sumu yake inaharibu maini na kitoto kinadumaa. Tena, wakubwa wananyanganya wadogo. Wekeni chakula chini ya kitunga chenye matundu ambayo vitoto vinapita, lakini mama na jogoo hapana. Maji safi yawe pale kila siku.

3. Magonjwa. Newcastle inaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache, na dawa ya kuiponyesha haiko. Ni chanjo tu. Koksidiozi, ile ya kuharisha damu, inashika zaidi vitoto vya juma 3 hadi 6 vinavyolala mu bichafu na unyevu. Minyoo haiui haraka, lakini inakula kile kitoto kilichokula. Fagieni kibanda, badilisheni majani yakilowa.

4. Damu moja. Jogoo mmoja akibaki miaka mingi, anapanda mabinti zake na wajukuu wake, na uzao unazidi kuwa dhaifu. Kuna jambo lingine tunalofanya bila kuwaza: siku ya minerval ya watoto tunapeleka ku soko kuku mkubwa kuliko wote, wadogo ndio wanabaki kuzaa. Hivyo mbegu tunaipunguza sisi wenyewe. Katika kila uzao, wekeni kando jogoo ao tetea aliyekua haraka, asiuzwe. Jogoo badilishaneni na kijiji kingine kila mwaka, na mugeni akae peke yake juma 2 mbele ya kuchanganyika na wengine.

Mengi ya haya kila nyumba inaweza kuyafanya. Chanjo inaomba tusaidiane. Chupa moja iko na dozi nyingi, mara nyingi 100 ao zaidi, na ikifunguliwa haikai. Mama mwenye kuku 8 hawezi kuinunua peke yake. Chama kichange makuta, kipange siku moja na veterineri, kuku wote wenye afya wachanjwe, kisha irudiliwe kila miezi 3 ao 4 kufuatana na aina ya chanjo. Nyumba moja ikikataa, ugonjwa unabaki na mlango wa kuingilia.

Mbele ya kuuza kuku wenu wote, jaribuni hivi. Chagueni matetea wawili walioangua juma moja. Vitoto vya mmoja vitunzwe namna tulivyoeleza, vya mwingine vibaki namna mulivyozoea. Fungeni uzi ku muguu, pimeni kila juma kwa mizani ya soko, andikeni mu kaye. Juma la 8, leteni kaye ile mu mkutano wa chama, tuisome pamoja. Pale ndipo tutajua kama kosa ni la mbegu.