Kihenge Ndani ya Maji

Shika hiki, mjukuu wangu. Kigeuzegeuze mkononi. Ni kikavu, cha rangi ya kahawia, hakina jani wala harufu. Mwenzako amesema ni jiwe. Mwingine kasema ni kichipukizi cha mgomba, naye yuko karibu zaidi, kwa sababu mgomba huanzia kwenye tunguu, na hili pia ni tunguu. Hata kitunguu anachokikatakata mama jikoni kimepata jina lake humo humo: ni tunguu dogo.

Leo tutaliweka hili ndani ya tangi la kioo la samaki, na baada ya wiki chache mtaona majani yakipanda kuelekea juu kama utepe unaopepea.

"Bibi, mbona linaonekana limekufa?"

Swali zuri. Niambieni kwanza: nyumbani kwenu mahindi yakishavunwa, yanakwenda wapi? Kwenye kihenge, au kwenye magunia ghalani. Hapa Songea hakuna asiyejua hilo. Tuna hata maghala makubwa ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Mvua kwetu huanza mwishoni mwa mwaka, hukatika mwezi wa 4 au wa 5, na baada ya hapo ni ukavu mtupu hadi mvua nyingine. Asiye na akiba atalala njaa. Mimea inajua jambo hilo tangu zamani sana. Tunguu ni kihenge cha mmea: ndani yake mmejaa wanga, chakula kilichotengenezwa na majani siku za neema.

Fikirini dimbwi la porini. Mvua zinalijaza, mmea unachanua, vyura wanaimba. Kisha jua linalikausha, tope linapasuka vipande vipande, na majani yanapotea kabisa. Ukipita hapo mwezi wa 9 utaapa kwamba hapajawahi kuwa na kitu. Kumbe chini ya tope tunguu limelala. Aponogeton abyssinicus huishi hivyo, kwenye madimbwi ya msimu kuanzia Ethiopia hadi huku kwetu Tanzania. Na katika tope la namna hiyo hulala pia mayai ya samaki! Wapo samaki wadogo wa rangi za kuvutia waitwao Nothobranchius, mmojawapo ni wa Unguja. Dimbwi likikauka wazazi wote hufa, mayai yakabaki topeni yakingoja maji, na mvua ikirudi yanaanguliwa. Mimi nimezeeka, na jambo hili bado linanishangaza.

Matunguu ya kwenye matangi yametoka pande nyingi. Tunguu la Crinum calamistratum wa Kameruni lina maganda yaliyopangana kama kitunguu hasa. Madagaska kuna Aponogeton madagascariensis, ambao jani lake lina matundu yenye mpangilio mmoja, kama kitambaa cha kimia. Hakuna mdudu aliyelitoboa. Jani linapokua, seli zilizo katikati ya mishipa hufa zenyewe kwa mpangilio, zikaacha nafasi wazi. Nayo mayungiyungi mnayajua, yale maua yanayoelea mabwawani. Lipo la buluu ambalo wataalamu wa Ulaya waliliita kwa jina la Zanzibar katika karne ya 19.

Sasa tushike kazi. Tangi letu lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 30. Likijaa ni lita 54, yaani kilo 54 za maji peke yake, zaidi ya mfuko wa saruji. Kwa hiyo meza iwe imara, na tangi lisisogezwe likiwa na maji. Chini tunatandaza mchanga wa mtoni, sentimita 5 au 6, uliooshwa mpaka maji yake yatoke meupe. Maji ya bomba tunayaacha kwenye ndoo usiku kucha kwanza, dawa iliyomo ipungue.

Tunguu langu la kwanza nililifukia lote, kama mtu anayepanda kiazi. Siku ya kumi maji yalinuka, nikalifukua likiwa ute. Ndiyo maana nawasihi: lilazeni juu ya mchanga, nusu tu izame, na pale panapochomoza kichipukizi pabaki wazi. Hamjui juu ni wapi? Liacheni lilale ubavu. Lenyewe litawaonyesha.

Taa iwake saa 8 hadi 10 kwa siku, si zaidi, la sivyo mwani utatawala kila kitu. Na mkipanda yungiyungi pia, likianza kupeleka majani yake yakaelee juu, yakateni vikonyo chinichini, maana yatawafunikia mwanga wenzao.

Mtaniuliza kuhusu mbuna, wale samaki wa Ziwa Nyasa wa rangi za njano na buluu, ambao watu wa Ulaya na Marekani huwafuga majumbani. Kwao ni hapa hapa mkoani, ukishuka Mbamba Bay. Nawapenda, lakini humu siwatii. Mbuna huchimba mchanga na kudonoa majani. Perege ni vivyo hivyo. Tafuteni visamaki vidogo, vitulivu.

Mji wetu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 mnaijua. Tangi lisilo na kipasha joto hupoa. Majani mapya yatatoka mafupi, ya zamani yatageuka manjano. Hapo wengi hulia, wakautupa mmea. Msiutupe! Tunguu limehisi kwamba kiangazi kimefika, hata kama ndani ya kioo maji hayajapungua tone. Aponogeton wengi wakinyimwa usingizi huo mwaka baada ya mwaka hudhoofika, kihenge kikaisha.

Na mkiupunguza mmea, mabaki yasiende mtoni. Gugumaji lililosumbua Ziwa Viktoria lilitoka Amerika ya Kusini, na lilisambazwa duniani na watu waliopenda maua yake. Mto Ruvuma unaanzia kwenye milima yetu ya Matogoro, na chini kuna watu wanaoutegemea hadi baharini.

Basi majani yakiisha, tulitoe tunguu, tulifunike kwa mchanga wenye unyevu ndani ya kopo, tuliweke pembeni palipo na giza na ubaridi. Juu ya kopo andikeni mwezi. Baada ya miezi miwili au mitatu tutalifukua na kulibonyeza kwa kidole gumba. Likiwa laini, limeoza. Likiwa gumu kama ulivyolishika leo, tunalirudisha majini siku hiyo hiyo.