Mnato wa magma katika Dunia changa

Mnato wa magma katika Dunia changa ni kiasi ambacho miamba iliyoyeyuka ndani ya sayari yetu ilikinza kutiririka, zaidi ya miaka bilioni 4 iliyopita. Kadiri ya nadharia inayokubaliwa na wataalamu wengi, Dunia iligongwa na gimba kubwa linaloitwa Theia. Mwezi ulitokana na vifusi vya mgongano huo, na sehemu kubwa ya koti la Dunia ikayeyuka kuwa bahari ya magma yenye kina cha mamia au hata maelfu ya kilomita.

Wengi hudhani magma hiyo ilikuwa nzito kama ugali. Sivyo. Mnato hupimwa kwa paskali-sekunde: maji yana takriban 0.001, asali karibu 10. Magma ya bahari ile, ilipokuwa na joto kali, inakadiriwa kuwa na 0.1 au chini yake, yaani ilikuwa nyepesi kuliko asali kwa mbali.

Sababu ya kwanza ni joto. Kila aliyepika uji anajua kwamba ukipoa huwa mzito. Sababu ya pili ni kemia. Katika mwamba ulioyeyuka, kila atomu ya silikoni hushikwa na atomu nne za oksijeni, na mafungu hayo huungana kuwa minyororo. Silika ikiwa nyingi, minyororo huwa mirefu na kusukana, hivyo magma haisogei kwa urahisi. Koti la Dunia lina silika kidogo na magnesi nyingi, nayo magnesi hukata minyororo hiyo. Mfano wa karibu ni volkeno Nyiragongo nchini Kongo, ambayo lava yake ina silika karibu asilimia 40 tu. Mwaka 1977 ziwa lake la lava lilimwagika kwa muda usiozidi saa moja, likaua watu wengi, kwa kuwa lava ilikimbia kuliko binadamu.

Jambo la tatu, shinikizo, ni gumu zaidi. Kwenye mpaka wa koti na kiini, kilomita 2,900 chini, shinikizo linazidi lile la angahewa mara milioni 1.3. Huko atomu husongamana, na silikoni moja huzungukwa na oksijeni sita badala ya nne. Ukokotoaji wa kompyuta uliochapishwa na Karki na Stixrude mwaka 2010 ulionyesha kwamba, joto lisipobadilika, mnato huongezeka sana kadiri ya kina. Lakini kwenda chini joto nalo huongezeka, na kwa sehemu kubwa hufuta athari hiyo.

Kwa nini tujali? Kwa sababu mnato ndio ulioamua fuwele za kwanza zilikwenda wapi. George Stokes alionyesha mwaka 1851 kwamba punje huzama haraka zaidi katika kiowevu chenye mnato mdogo. Hata hivyo, mnato huohuo mdogo huruhusu magma kupanda na kushuka kwa nguvu, na mchafuko huo huinua fuwele tena. Mwezini feldspari, iliyo nyepesi, ilielea na kufanya ganda jeupe. Vipande vyake viliokotwa na Apollo 11 mwaka 1969. Duniani ganda la namna hiyo halijapatikana: feldspari haidumu penye shinikizo kubwa, nalo huongezeka kwa kina upesi zaidi kuliko Mwezini.

Fuwele zilipozidi takriban nusu ya mchanganyiko, zilianza kugusana, na mnato ukaruka ghafla mara mabilioni. Koti la leo ni mwamba mgumu, ingawa hujongea polepole sana. Mwaka 2007 Labrosse, Hernlund na Coltice walipendekeza kwamba ugumu huo ulianzia katikati ya koti, ukafungia magma nyingine chini, juu ya kiini, ambako ilipoa kwa muda mrefu mno. Wataalamu kadhaa huhusisha mabaki yake na sehemu za chini kabisa za koti ambamo mawimbi ya tetemeko la ardhi hupunguza mwendo.