Kabla ya kufundisha, sikiliza



Hapa Mabatini, mama mmoja aliyefiwa na mwanaye alinijia baada ya Misa. Nilimpa maneno ya faraja kabla hajamaliza kusema. Aliondoka kimya, wala hakurudi. Seminari ilinifundisha mengi, lakini siku ile nilitambua kuwa sijajua kusikiliza.

Nalikumbuka hilo kila mshauri wa parokiani anaponiambia anatamani kufundisha chuo kikuu. Mwanza tunacho Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, pale Malimbe. Kilianza mwaka 1998, kikitokana na chuo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi kilichoanzishwa mwaka 1960, enzi za Askofu Joseph Blomjous. Kuwa mhadhiri kuna ngazi: shahada ya kwanza, uzamili, kisha uzamivu. Panda, usiogope.

Ila ipo ngazi isiyo na cheti. Rafiki zake Ayubu waliketi naye siku saba bila kusema neno. Walikosea walipofungua vinywa. Augustino mwenyewe alifundisha ufasaha kule Milano, lakini ilimbidi aketi amsikilize Askofu Ambrosi, ambaye alimbatiza mwaka 387.

Basi wewe unayewasikiliza wanandoa na vijana, usidhani saa hizo zimepotea. Siri zao zitunze. Subira uliyojifunza kwao ndiyo utakayowapa wanafunzi.

Nasi wengine, wiki hii tumsikilize mtu mmoja mpaka amalize. Mimi nitamfuata yule mama nyumbani kwake.