Goti la Dingi

Wana, tuelewane. Kila dingi wa Mafiga, hapa Moro, angekuwa anakipiga Ulaya kama siyo goti. Muulize yeyote. Fundi seremala, goti. Konda mstaafu, goti. Yule mwenye duka ambaye hata kuvuka mtaro anashikwa mkono, naye goti, tena anakuapia liligoma siku skauti alipokuwa jukwaani pale uwanja wa Jamhuri. Huyo skauti alikuwa na gundu, mazee.

Sasa goti halikupona, bili kaletewa mtoto.

Nina mchizi wangu, simtaji, atamaindi. Mzuka wake ni kuediti video. Mpe simu tu, ni unyama. Ila saa kumi na moja alfajiri dingi keshamfurusha kitandani, dogo anapandisha kwenda Rock Garden, kifua kinapiga filimbi. Dingi yuko nyuma yake juu ya boda, traksuti ya kijani ya enzi za Mwinyi, zipu imegoma katikati ya kitambi, chapati mkononi. "Kaza! Kaza we!" Wamama wa Kiluguru wanashuka na matenga ya ndizi kichwani, shingo imenyooka, wanampita dogo huku wanacheka. Na watoto wazuri wa SUA nao wako jogingi muda huohuo. Noma.

Njumu je? Mtumba wa Sabasaba, misimbazi minne imekatika, na soli tayari inacheka. Dingi huyohuyo ukimwomba jero ya bando anakupa hotuba ya bajeti.

Tusizinguane lakini, Moro imewahi kuwa moto. Mseto walibeba ligi 1975. Mtibwa Sugar wakabeba 1999, wakarudia 2000. Reli waliitwa Kiboko ya Vigogo, na vigogo wenyewe unawajua, Simba na Yanga. Madingi wamekulia kwenye mzuka huo, ndo maana hawashikiki.

Ukibisha, wanakutolea Samatta. Januari 2020, Aston Villa, Mbongo wa kwanza kukipiga Ligi Kuu ya Uingereza. Fresh. Ila mzee Ally Samatta mwenyewe alikipiga Taifa Stars, hicho kipande wanakirukaga.

Cheki fainali ya Madrid, 2019. Divock Origi anawapachika Tottenham la pili, Liverpool wanaondoka na ndoo. Mshua wake ni Mike Okoth wa Harambee Stars, aliyebeba ubingwa wa Ubelgiji na Genk 1999, na dogo akapikwa kwenye akademi ya Genk hiyohiyo. Benchi la Tottenham kakaa nani? Victor Wanyama, mtoto wa Noah Wanyama wa AFC Leopards. Umeusoma mchongo? Washua hao uwanja waliujua, soka la nyumbani lilikuwa kazi, siyo stori za kijiweni. Dingi wa huku msimu mzima alibeba ndoo ya maji ya timu, leo anataka mtoto awe Origi kwa mbio za mlimani na makelele ya juu ya boda.

Mchizi wangu kashaweka klipu ya mazoezi hayo mtandaoni. Dogo haonekani hata sekunde. Staa ni zipu.

Na kama mzuka haujawaisha, timu za maveterani zipo, wakakipige wenyewe. Dakika ishirini mpira, masaa mawili supu ya makongoro. Hapo kwenye supu hawana mpinzani, na goti haliumi kabisa.